Koti Lililompwaya Bwana Harusi

Benchi la nje ya kibanda cha mjomba wangu lilikuwa na miguu mitatu na tofali moja. Wenyeji wake walikuwa watatu: mjomba mwenyewe, fundi cherehani aliyeitwa Sentimita; Kisigino, mshona viatu; na Gia Mbili, dereva mstaafu. Asubuhi ile walikunywa kahawa bila raha. Koti la harusi ambalo mjomba alimshonea mchumba wa binti yake lilikuwa limempwaya kama hema (hadi leo tunafunikia cherehani), na kitambaa kilichobaki kilitosha koti moja tu. Harusi ilikuwa Jumamosi.

— Mwezi mzima nguo zangu zinapwaya kifuani, mjomba alilalamika. Mikono sawa, mabega sawa, kifua tu! Nikikosea tena, wakwe watasema nimewafanyia makusudi.

— Futi yako imenywea, alisema Kisigino. Ilinyeshewa.

— Futi ya plastiki inywee? Gundi imekupanda kichwani wewe.

— Basi ni kitambaa, Gia Mbili akadakia. Vya siku hizi vinatanuka usiku. Nililaza suruali kwenye kiti, asubuhi nikaivaa, nikazama.

— Hiyo ilikuwa ya shemeji yako.

— Tulieni, alisema Kisigino. Si futi wala kitambaa. Watu ndio wanapungua. Ugumu wa maisha unaanzia kifuani.

— Mbona miguu haipungui?

— Miguu imezuiwa na viatu!

Hapo bwana harusi akafika na bibi yake mzaa mama. Mjomba alimzungushia futi kifuani, akainama karibu na kidevu chake, akisoma namba kwa sauti kama kawaida yake. Kijana akavuta pumzi, akaibana. Macho yakamtoka.

— Pumua, mwanangu.

Kijana akatikisa kichwa kwa adabu.

— Ni hofu ya kuoa, Gia Mbili akanong'ona.

Bibi alimsogelea mjomba, kisha akarudi nyuma upesi.

— Fundi, leo umepiga mswaki?

Kisigino aliinamia viatu vyake. Gia Mbili alikunywa kutoka kikombe kitupu.

— Nimekunywa kahawa, mjomba akasema mwishowe.

— Kahawa haisafishi meno. Fizi zinatoka damu?

— Kidogo tu, mama. Nikikata uzi kwa meno.

— Basi zinaumwa, na wateja wako wanabana pumzi. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, ulimi usiusahau. Na umwone daktari wa meno, usije ukacheka harusini meno yakabaki kwenye sahani.

Mjomba alinunua mswaki duka la jirani, akajificha nyuma ya kibanda. Tulimsikia akisukutua kama pampu. Aliporudi akapima upya. Kijana akapumua, na kifua kikapungua inchi tatu.

— Mnaona? alisema Kisigino, akiziba mdomo wake kwa kiganja asije naye akaulizwa mswaki. Si nilisema watu wanapungua?