Risala ya Watu wa Mikindani kwa Bwana Aliyetufundisha Kufikia kwa Ndugu

Imesomwa na Bi Rispa Kahaso, katibu wa chama, kwenye uwanja wa kanisa, Mikindani, mwaka 1948

Mgeni rasmi, Bwana Erastus Ngowa, mshauri wa maisha ya mjini kutoka Nairobi, Mchungaji wetu, wazee wa mtaa, mabibi na mabwana:

KUKUKARIBISHA

Sisi wanachama wa Chama cha Kusaidiana na Kuzikana tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kiti ulichokalia tumekiazima kanisani, na kivuli chote tumekuachia wewe. Sisi jua tumelizoea. Chai unayokunywa imepikwa na Bi Mbeyu wa Ngumbao, dada wa marehemu baba yako. Ndiye yule aliyeketi karibu na mlango wa kanisa, mwenye leso ya buluu. Kama ulikuwa umemsahau, basi tumekukumbusha.

HISTORIA FUPI

Historia yetu nusu yake unaijua, maana ulizaliwa hapa na kulelewa na huyu huyu Bi Mbeyu baada ya mama yako kufariki. Sisi ni wapakuzi wa meli, wauza mihogo, wakulima wa vishamba, na wenzetu wa bara waliofuata kazi ya reli. Nusu ya pili inaanza mwaka jana, ulipokuja na gari la vipaza sauti ukatufundisha namna ya kuishi na kuzuru mji mkuu bila gharama. Ulisema tuache sukari. Ulisema twende kwa miguu. Tena ulisema, na watoto wa shule bado wanaigiza sauti yako: “Mwafrika mwenye akili hapotezi pesa kwenye nyumba za wageni. Akifika Nairobi, afikie kwa ndugu yake!” Tulipiga makofi hadi viganja vikauma. Bi Mbeyu alisimama akapiga kigelegele.

MAFANIKIO

Bwana, mafundisho yako yamezaa matunda. Sukari tumeiacha, ingawa ukweli ni kwamba madukani haikuwapo tangu vita. Kwenda bandarini Kilindini kwa miguu tunakwenda, alfajiri na magharibi, na tunakushukuru kwa kutufumbua macho kwamba huko ni kubana matumizi. Sisi siku zote tulidhani ni kukosa nauli.

Fundisho la tatu alilitekeleza Bi Mbeyu peke yake, na hilo ndilo tunalotaka kulieleza kwa kirefu, ili ujue kwamba maneno yako hayakuanguka njiani.

Mwanawe, Charo wa Mwarandu, alikwenda Nairobi kufanya kazi ya ujenzi. Akaanguka kutoka jukwaani, akalazwa katika hospitali kubwa huko. Habari zilipofika, Bi Mbeyu hakulia mbele ya watu. Alianza kupanga kikapu: nazi, papa mkavu na maembe mabichi ya kutilia chumvi. Tukamuuliza, kikapu chote hiki ni cha mgonjwa? Akajibu, “Cha Erastus. Ataniandalia pa kulala, nami niende mikono mitupu?”

Alipanda gari la moshi, daraja la tatu, akafika Jumamosi asubuhi. Kituoni alikutana na Kioko, kijana wa Kikamba aliyewahi kuishi hapa kwetu kabla ya kuhamishwa na reli. Kioko akampokea kikapu, akamwambia, “Mama, twende kwetu. Tumejazana, lakini kona haikosi. Kesho Jumapili ni siku ya kuona wagonjwa, nitakupeleka mwenyewe kwa Charo.”

Bi Mbeyu akakataa. Wewe ni mtu wa pwani, Bwana, unajua kwa nini. Mtu mwenye ndugu yake mjini akilala kwa watu baki, huwa amemtangaza ndugu huyo kwamba hana utu. Njia nzima ndani ya gari alikuwa akijisifu kwa abiria kwamba ana kijana wake mkubwa Nairobi, atamwaibishaje sasa? “Asante, mwanangu,” alimwambia Kioko. “Nionyeshe tu nyumba ya Erastus, kisha nenda kapumzike.” Heshima aliyokuwa akiilinda ni yako.

Akapiga hodi. Mpishi akatokeza kichwa.

“Bwana hayupo.”

“Na viatu hivi mlangoni?”

“Viatu ni vya Bwana, lakini Bwana hayupo.”

“Basi nitamngoja,” akasema Bi Mbeyu, akaketi kibarazani, kikapu kando yake. Ndani akasikia mtu anakohoa. Kikohozi hicho alikikanda kwa mafuta ya nazi tangu kifua chako kikiwa kidogo kama ngumi. Hata hivyo alijiambia kwamba huenda una kazi ya serikali isiyotaka kelele, na akajizuia asiite. Alikaa hivyo mpaka jua likageuka upande wa pili wa nyumba.

Jioni akapita askari. “Wewe mama, mwenyeji wako nani?”

“Erastus wa Ngowa, mtoto wa kaka yangu. Hii ndiyo nyumba yake.”

Askari akagonga. Safari hii hukumtuma mpishi. Ulijibu mwenyewe, mlango ukiwa umefungwa: “Simjui mama huyo.”

Mchungaji atuwie radhi tukisema kwamba jogoo hakuwika, lakini hilo si ajabu, maana katika nyumba zile kufuga kuku ni marufuku. Bi Mbeyu aliondolewa mjini kwa gari la usiku ule ule, kwa kosa la kutokuwa na mwenyeji. Kikapu kilibaki kibarazani pako. Tunatumaini papa alikuwa mtamu.

MATATIZO

Tatizo letu ni moja. Jumapili ile Charo hakumwona mama yake, na hadi leo mama hajui kama mwanawe yu hai. Kioko amehamishiwa upande wa Kisumu. Hospitali tumeiandikia, haikujibu. Nauli ya pili hatukuweza kumchangia, kwa kuwa hatuna, na somo lako la kuzuru bila nauli bado hujalifundisha. Kila gari la moshi linapopita, Bi Mbeyu hutoka nje akasimama, na sisi tunageuza nyuso tusimtazame. Tumekasirika, Bwana. Hatuna neno jingine la kulifunika hilo.

Yeye hakutaka risala hii isomwe. Jana alitusihi, “Msimwaibishe mtoto mbele za watu.” Tulipiga kura, akashindwa. Kura yake ilikuwa peke yake.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandaa maombi mengi: bomba la maji, zahanati, taa ya njiani. Yote tumeyafuta tusije tukakuchosha.

Tumebakiza moja, na tumelichagua kwa kufuata kanuni zako za kubana matumizi. Kutoka nyumbani kwako hadi hospitali ni mwendo wa miguu. Halina nauli, halina malazi, wala halihitaji sukari. Jumapili ijayo, saa ya kuona wagonjwa, nenda ukamuulizie Charo wa Mwarandu. Ukimkuta, mwambie mama yake alifika Nairobi. Ukimkosa, waulize walimzika wapi, utuletee jibu, maana kuzikana ndiyo kazi ya chama chetu.

Na mlangoni wakikuuliza wewe ni nani wake, sema ni ndugu yake.

Mungu akusafirishe salama, akupe usingizi mwema, na kila utakapopiga hodi akujaalie mtu wa kukuitikia karibu.

Ni sisi,
Chama cha Kusaidiana na Kuzikana, Mikindani