Mama Mapezi na Ukoo wa Samaki wa Miamba

Dada yetu mkubwa, aliyejulikana kwa wengi kama Mama Mapezi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1968 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, mtoto wa kwanza wa fundi vyuma na mshonaji. Alianza shule mwaka 1975, na hakutoka humo mpaka alipoitwa Daktari. Majirani wakamletea homa zao. Alipowaambia yeye ni daktari wa samaki, walicheka mpaka wakakaa chini. Baadhi yao wapo hapa leo wanafuta machozi. Haya.

Mwaka 1996 aliolewa na mwalimu wa hesabu, mwanaume mvumilivu ambaye kila alipofungua friza ya nyumbani aliuliza, "Mke wangu, hiki ni kitoweo au ni kazi?"

Katika kituo cha utafiti wa bahari alitafuta alama za vinasaba za samaki mmoja wa miamba anayekaribia kwisha, ili ijulikane nani ndugu wa nani, na miamba ipi ifungwe wasivuliwe. Alikata kipande cha pezi, kidogo kama ukucha, akamwachia samaki aende zake. Vipande vya miaka minne vilikaa kwenye friza ya maabara.

Aprili 2019 walikuja wageni wakubwa. Mkurugenzi wa kituo akachomoa friza hiyo, akachomeka jokofu la soda. Jumatatu jengo zima lilinuka.

"Si samaki tu?" akasema Mkurugenzi. "Nenda sokoni ukanunue wengine."

"Wangekuwepo sokoni, ningehangaika nao ya nini?" Dada akachukua miwani yake ya kuzamia, akaanza upya.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Kilichomnyima usingizi ni kimoja: asije akaondoka kabla alama hazijakamilika. Tarehe 2 Juni 2024 mwenzake wa maabara aliingia wodini anahema.

"Dada, zimekubali! Kila samaki tunamjua na ukoo wake."

"Na friza?"

"Imechomekwa. Na plagi tumeifungia kwa kufuli."

Akatabasamu, akafumba macho. Alifariki kesho yake asubuhi.

Mkurugenzi amekuja na shada kubwa kuliko jeneza, ameomba kuzungumzia "mradi wetu". Kwa shada, familia inashukuru. Kuzungumza, hapana. Soda zitatolewa baada ya mazishi. Ya kwake itakuwa ya moto.

Ameacha mama mzazi, mume, mabinti wawili, wadogo zake watatu, na samaki wanaojulikana kwao. Lala kwa amani, Dada. Friza inanguruma.