Hofu za Mama Mikoba, Mshonaji wa Vitambaa vya Zamani

Marehemu, ambaye wengi wetu tulimwita Mama Mikoba, alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkewe. Tuseme ukweli mbele yake: alizaliwa mwoga. Aliogopa radi, aliogopa mbwa, aliogopa hata ngazi za nyumba yao wenyewe, na hakuwahi kujifanya shujaa.

Alianza shule ya msingi mwaka 1964. Darasani alichagua kuketi nyuma ya mwenzake mwenye mwili mkubwa ili mwalimu asimwone. Baadaye alijiunga na chuo cha ushonaji, akahitimu mwaka 1974. Wenzake walimcheka kwa kupima na kupima tena kabla ya kushika mkasi, ila hakuna mteja aliyewahi kurudisha nguo yake.

Tarehe 18 Desemba 1976 alifunga ndoa na dereva wa lori. Safari zilimtia kiwewe. Alishikilia mlango wa lori kwa mikono miwili, na mumewe akamtania, "Ushike vizuri, mama watoto, usije ukabaki njiani." Hata hivyo alipanda, kwa sababu kila waliposhusha mzigo palikuwa na mji mgeni, na ndani ya mji huo mapazia ya zamani, vitambaa vya meza vilivyopauka, magauni ya harusi ya mabibi waliokwisha kufa. Alivinunua, akavirudisha nyumbani, akavishona mikoba.

Kabla ya kununua, aliinua kitambaa dirishani, kisha akakivuta kwa vidole gumba karibu na sikio. Nyuzi zikilia kwa kukatika, alikirudisha kwa mwenyewe kwa adabu. "Hiki kimechoka," alimfundisha bintiye mkubwa, aliyeshona naye katika duka lao tangu mwaka 2003. "Ukikitia sindano, kitachanikia kwenye matundu."

Mwezi Agosti 2023 tumbo lilianza kumsumbua. Alificha maumivu hadi aliposhindwa kuketi kwenye cherehani. Daktari alikuta uvimbe, akataka utolewe haraka. Mama akagoma.

"Mimi ndimi kitambaa cha zamani, mwanangu," alimwambia bintiye. "Wakinipasua, uzi utashika wapi?"

Bintiye alimbembeleza, akamgombeza, mwishowe akalia. Wiki zilipita, mama akizidi kukonda. Binti aliogopa kumpoteza kwa kungoja, na aliogopa vilevile kumsukuma kwenda kufa. Kila simu ilipoita pale dukani, aliikimbilia kabla ya mlio wa pili.

Tarehe 6 Novemba alimpeleka tena hospitali. Daktari alimbonyeza tumbo taratibu kwa vidole viwili, akiinamisha kichwa. Mama akacheka. "Huyu ananipima kama mimi ninavyopima mapazia!" Kisha akamtazama usoni. "Niambie ukweli, daktari. Nitashika uzi?"

"Sijui, mama. Ila tukiuacha uvimbe, utapasuka wenyewe."

Mama akaomba kalamu. "Angesema hakuna shida, ningerudi nyumbani," alimnong'oneza bintiye, akatia saini fomu ya upasuaji.

Alipasuliwa tarehe 8 Novemba. Alipozinduka alidai kuuona mshono, akaukosoa: "Amevuta uzi mno." Tulicheka, tukadhani tumevuka. Siku zilizofuata homa ilipanda, na dawa hazikuishusha.

Asubuhi ya tarehe 14 Novemba alimwita bintiye kitandani. "Nilifikiri mtu akifika hapa hofu humwisha," alisema. "Haijaisha. Usiende popote."

Binti alivuta kiti hadi kikagonga kitanda. "Hata mimi naogopa, mama. Siendi."

Hakwenda. Muuguzi alipomwomba apishe kidogo, alitikisa kichwa tu. Marehemu alifariki saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya mwanawe.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu watano, dada yake mdogo, na mikoba iliyokwisha kukatwa ambayo bintiye anaogopa kuianza, lakini ataishona.

Mungu amlaze kwa amani, mahali ambapo hakuna kitu hata kimoja cha kumtisha.