Nyonga ya Chuma na Magoti ya Mama Mkwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Itikieni hata polepole, maana ninyi mmetoka kupalilia tumbaku ya kijiji, na mimi kusimama kumenichosha. Nitasema nikiwa nimekaa.

Najua mnanong'ona. Wakati wa maombi ninyi mnapiga magoti, mimi niko juu ya kiti kirefu kama karani wa mizani. Mnasema, "Mama Shija ana kiburi." Leo nisikieni.

Mwaka tuliohamia hapa niliteleza kisimani, nikavunjika nyonga. Nilipelekwa kwa treni mpaka hospitali kubwa Dar es Salaam, nikawekewa nyonga ya chuma. Muuguzi alinikaririsha kila asubuhi: usichuchumae, usipige magoti, usikalie kigoda, usipishanishe miguu, lala na mto katikati ya mapaja, tembea kidogo kila siku kwa fimbo. Nikakariri kama mafundisho ya ubatizo.

Nikarudi. Wiki ya pili mama mkwe akaja kutoka Puge kunijulia hali. Ndugu zangu, mke wa Kinyamwezi amsalimie mama mkwe amesimama? Niliona aibu! Nikaegemea fimbo, nikapiga magoti. "Shikamoo, mama." Nyonga ikachomoka kabla hajaitikia. Nililia mpaka waliokuwa shambani wakaja mbio.

Safari ile ile tena, treni ile ile. Nyonga ikarudishwa. Daktari akasema, "Ikichomoka tena, huenda usitembee." Hata nguvu ya kuomba sikuwa nayo. Nilisema tu, "Bwana, nimechoka."

Niliporudi nilimkuta mama mkwe nyumbani kwangu. Kigoda alikuwa amekificha, na fundi ameshanitengenezea kiti kirefu, na kingine cha chooni chenye tundu. Nikataka kushuka nimsalimie. Akanishika bega: "Kaa hapo hapo, mwanangu. Heshima yako nimeiona." Kisha mama yule mwenye mvi akapiga magoti yeye, akanivisha viatu nisivyoweza kuvifikia. Alifanya hivyo kila asubuhi mpaka mvua zikaisha.

Nililia, ndugu zangu! Bwana aliniponya nyonga, akanifungua pia kutoka kwenye aibu. Leo nimetoka kwangu mpaka hapa kwa miguu yangu. Asante, Yesu! Nawe uliyekatazwa jambo na daktari, mtii, hata watu wakuseme. Mtumaini Bwana, anakusikia hata ukiwa kitini.

Sasa tuombe. Ninyi pigeni magoti. Ila yule bibi aliye pale nyuma ndiye mama mkwe wangu, na magoti yake yamechoka kwa ajili yangu. Mpeni kiti.