Kura ya Hapana ya Asahel Whitcomb wa Wexbury

Mchungaji, jamaa na majirani mliokanyaga theluji hadi hapa, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mzee wetu, Mheshimiwa Asahel Whitcomb, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1764 katika jimbo la Connecticut, mtoto wa tano wa fundi mapipa, akasoma majira manne tu ya baridi kwa kuwa kiangazi kilikuwa cha jembe, na mwaka 1788 akahamia hapa Wexbury, Vermont, akafyeka msitu na kufuga kondoo.

Tarehe 12 Novemba 1790 alimwoa Bibi Keziah Pell, aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa watoto wanne, mmoja ametangulia.

Mwaka 1803 mji ulimtuma kwenye bunge la jimbo, na kila alipokuwa kikaoni aliandika barua mbili kwa wiki, moja ya mkewe, nyingine ya wapiga kura, ambayo shemeji yake, Zadok Pell, mwenye nyumba ya wageni, aliisoma kwa sauti watu wakinywa pombe ya tufaha. Tarehe 20 Oktoba 1810, akiwa Montpelier, alizikunja zote mbili, akazipiga lakiri, kisha akakosea kuandika anwani, ya huku ikaenda kule, na ndipo Zadok akausomea ukumbi mzima kwamba Asahel hapati usingizi bila Keziah, kwamba ataupinga muswada wa kuiruhusu kampuni ijenge daraja na kutoza ushuru wavukaji, kampuni ambayo nusu ya wasikilizaji, Zadok mwenyewe akiwemo, walikuwa na hisa zake, kwa kuwa wakulima wa milimani hawana njia nyingine ya kufika kinuni, na kwamba, "Zadok akipewa kutoza ushuru, hata kuku atalipishwa." Zadok hakuruka mstari, tumpe haki yake. Bibi Keziah naye, aliyejikuta akiitwa "Waheshimiwa wapiga kura," alimjibu, "Mume wangu, mimi hata kura sina, heshima zote hizi za nini? Rudi nyumbani."

Wenzake wa chama walimsihi aseme barua ile imeghushiwa, kiti kisalimike, lakini yeye akaandika kwetu, "Mwandiko ni wangu, na kura yangu ni hiyohiyo," akapiga kura ya hapana, muswada ukaanguka, na Septemba 1811 naye akaangushwa. Hakurudi bungeni tena, na ilimuuma, maana aliipenda kazi ile kuliko alivyokiri. Daraja lilijengwa baadaye kwa nguvu za mji, na hadi leo halina ushuru.

Novemba iliyopita alishikwa na kifua, na tarehe 13 Januari 1829 akafariki nyumbani, mkewe akimshika mkono.

Familia inamshukuru Daktari Eliphalet Thorne aliyekesha naye, wabunge wa zamani waliotuma salamu, na majirani wote, wakiwemo waliomnyima kura, na hasa Shemeji Zadok, ambaye kwa umri wake amekaa siku mbili akikoka moto juu ya ardhi iliyoganda ili kaburi lichimbike, na vijana walipotaka kumpokea zamu aliwafukuza akisema, "Niacheni. Kiti nilimnyima, pa kulala simnyimi."

Mzee wetu Asahel, sasa pumzika kwa amani.