Mkono wa Kushoto wa Tobias

BENTA: Haloo? Halimo? Unanisikia?

HALIMO: Haloo, nani huyo? Sauti inakwaruza kama kuku jalalani.

BENTA: Ni mimi, Mama Ooko.

HALIMO: Mama Ooko, jirani yangu wa zamani. Nimesikia umepata mjukuu. Hongera, nyanya. Mkazamwana wako Clare anaendeleaje?

BENTA: Mzima. Wanaruhusiwa leo. Ooko anakuja kunichukua saa nane twende hospitali. Ndiyo maana nakupigia wewe mwenye duka. Uzi umeniishia.

HALIMO: Uzi gani?

BENTA: Ule wa rangi ya maini.

HALIMO: Bado unao ule?

BENTA: Nimefumia shali ya mtoto. Pindo nimemaliza pande tatu, umebaki mmoja. Nitafutie bonge moja tu, nitume mtu wa boda—

HALIMO: Mama Ooko, ule uzi ulikaa hapa dukani miaka miwili. Aliyeununua ni wewe peke yako, gunia zima. Kiwanda chenyewe kilifungwa. Nadhani ni hiyo rangi ilikifunga.

BENTA: Usinicheke.

HALIMO: Sicheki. Lakini nani humfunika mtoto mchanga na maini? Watu wa soko la mbuzi la Kiamaiko watampima kilo.

BENTA: Marehemu mume wangu aliipenda.

HALIMO: Marehemu aliuza mbuzi. Aliipenda kwa sababu haionyeshi damu.

BENTA: Na hiyo pia.

HALIMO: Na wewe tangu lini ukapungukiwa uzi? Wewe unapimaga mpaka—

BENTA: Nilihesabu vibaya. Kanisani.

HALIMO: Kanisani?

BENTA: Nilikuwa na sindano chini ya leso. Mzee Shitanda anaombea wagonjwa, mmoja mmoja, kwa majina. Mimi nahesabu mishono. Mahali fulani hapo katikati nikaanza kuhesabu wagonjwa.

HALIMO: Subhanallah.

BENTA: Tuliposema amina nilikuwa na mishono arobaini ya ziada. Hii shali inaweza kufunika mbuzi na wanawe. Nimetubu, lakini uzi haujarudi.

HALIMO: Basi malizia na nyeupe. Ninayo, laini kabisa—

BENTA: Sitaki nyeupe.

HALIMO: Nani ataona?

BENTA: Mama Mchungaji ataona. Ndiye alisema kofia nilizowafumia wazee wa kanisa zinafaa kuchujia chai. Na Clare amekataa blanketi za dukani. Ameniambia, mama, mtoto hatoki hapa bila kitu cha mikono yako. Sasa nimpelekee kiraka?

HALIMO: Nenda Gikomba, utafute sweta ya mtumba uifumue. Si ndivyo ulivyoanza?

BENTA: Nilikuwa huko alfajiri. Nimepindua kila rundo. Hata wazungu hiyo rangi iliwashinda.

HALIMO: Basi Nairobi nzima imebaki sweta moja tu ya rangi hiyo.

BENTA: (kimya)

HALIMO: Mama Ooko? Uko?

BENTA: Niko.

HALIMO: Nilikuwa nasema tu—

BENTA: Nimekusikia. Iko hapa mapajani tangu saa nne. Nimeitoa sandukuni, nimeirudisha, nimeitoa tena. Bado inanuka beberu, na huu ni mwaka wa sita tangu azikwe.

HALIMO: Kwani hukuwahi kuifua?

BENTA: Ningeifuaje?

HALIMO: Ee. Ni ile yenye mkono mmoja mrefu?

BENTA: Wa kushoto. Ilikuwa sweta yangu ya kwanza. Wa kulia niliufuma Januari, wa kushoto Aprili, nikasahau mwenzake aliishia wapi. Ukazidi shibiri nzima.

HALIMO: Akawa anatembea sokoni ameukunja kama soseji. Si ungeufupisha?

BENTA: Alinikataza. Eti huo ni wa kushikia sufuria ya chai. Na alishikia kweli, mjinga yule, Mungu amrehemu.

HALIMO: Mtoto amepewa jina?

BENTA: Jana alilia kutwa. Unajua sisi, mtoto akilia hivyo tunamtajia majina ya waliotangulia, analonyamazia ndilo lake. Wakamtaja baba yangu, analia. Mjomba, analia. Wakamtaja marehemu wangu, Tobias.

HALIMO: Akanyamaza?

BENTA: Akapiga chafya, halafu akanyamaza.

HALIMO: Tobias mwenyewe hakuwahi kunyamaza hata siku moja.

BENTA: Hata kwa ibada.

HALIMO: Mama Ooko, huo upande uliobaki unakula uzi kiasi gani?

BENTA: Kidogo. Kama ngumi.

HALIMO: Na ile shibiri iliyozidi mkononi itatoa kiasi gani?

BENTA: (droo inafunguliwa)

HALIMO: Haloo? Mtandao umepotea?

BENTA: Haujapotea. Nyamaza kidogo, natafuta mkasi.

HALIMO: Nimenyamaza.

BENTA: Nimekata fundo. Namshukuru Mungu niliufuma kuanzia begani kushuka, ncha ya uzi iko huku mwishoni. Unafumuka, Halimo. Mzima kabisa, umejikunja tu.

HALIMO: Uloweke kwa maji ya moto, utanyooka.

BENTA: Nikiuloweka harufu itaondoka.

HALIMO: Basi usiuloweke.

BENTA: Mtoto atanuka mbuzi.

HALIMO: Atanuka jina lake.

BENTA: Bonge limefika ngumi. Naachia hapo, nafunga. Halimo.

HALIMO: Mm.

BENTA: Mikono imelingana. Sasa ndiyo sweta imekuwa sweta, na wa kuivaa—

HALIMO: Usimalize. Shika sindano, saa saba imepita.

BENTA: Na kredo ya simu inaisha, nasikia inalia. Haya, mama, asante, nisalimie—

HALIMO: Na usihesabu ukiomba.

BENTA: Leo nafuma kwanza, maombi baadaye. Mungu ana subira kuliko Oo—

HALIMO: Haloo? Mama Ooko? Haloo?