Jungu la Kanali Beasley

Kila mgeni akihamia huku kwetu Florida ananijia na swali lile lile la Kanali na maharage, kana kwamba mimi ni redio ya kufunguliwa. Sina hamu. Mimi shule niliiacha darasa la nne, na waliosoma walikuwepo siku ile wakafyata mkia. Si waulizwe wao? Lakini wao watawapiga kamba, basi acha niseme mimi.

Benchi letu liko nje ya duka la donati la Hutto, ng'ambo ya maji kutoka mahali wanaporushia roketi. Asubuhi ile tulikuwa watatu: mimi, Cheche, aliyechomelea matangi ya roketi mpaka macho yakachoka, na Admirali, ambaye jeshi la majini lilimjua kwa kumenya viazi. Siku mbili nyuma roketi ya kampuni ya Kanali iligoma kuondoka. Na mjukuu wangu Maribeth, mpishi wa kantini yao, alikuwa ameitwa ofisini saa nne afukuzwe kazi.

Kosa lake? Huku maharage ya sherehe hayabandikwi motoni mpaka roketi imekwenda. Mimi nilipika kantini ile kabla yake, na jungu langu halikuona moto kabla roketi haijapotea machoni. Safari hii jungu lilichemka mapema, roketi ikabaki imesimama, wafanyakazi wakanuna na kukataa kula. Wakubwa wakasema mpishi ndiye aliyeleta nuksi.

— Vali ya bomba la mafuta iliganda tu, alisema Cheche. Maharage yanahusu nini?

— Igande Florida hii, mtu anatokwa jasho mpaka kwenye kope? Hiyo hujuma, mzee, alidakia Admirali.

Kisha akatuletea nyambizi ya maadui iliyolala chini ya maji na kuikodolea macho roketi. Cheche hakutaka kupitwa: akasema mvuke wa maharage ulipanda kwenye mabomba ya hewa, kompyuta ikadhani mvua inanyesha. Walipofika kwa viumbe wa Mirihi nikawaambia wanywe kahawa.

Wakahamia kwa Kanali mwenyewe, Thurman Beasley, mtoto wa mji huu. Alirusha ndege za kivita, akaenda angani mara mbili, akarudi kukalia kiti cha mkurugenzi wa kampuni ya roketi. Admirali alidai alibebwa na mjomba mwanasiasa. Cheche akakataa. Yule, alisema, alipanda cheo kwa kujifunza kukiri makosa: marubani wakishuka hujifungia chumbani, vyeo vinawekwa pembeni, na kila mmoja anataja kosa lake kabla hajatajiwa. Kanali mwenyewe alipenda kutusimulia hayo.

Mara Kanali huyo, koti jipya, kikombe mkononi. Akaketi kati yetu. Ghafla wanaume wangu wakawa wanazungumzia nguva walioingia mtoni.

Mimi nilikuwa najua. Maribeth aliniambia kwamba Kanali ndiye aliyeagiza jungu libandikwe, maana wageni wake wenye fedha, waliowekeza kwenye kampuni, walikuwa na ndege ya kuwahi. Akanikataza nisiseme: nani ataamini mpishi mbele ya mtu aliyefika angani?

Kulikuwa na mama mmoja amesimama mlangoni anasubiri donati zake, yote ameyasikia, Odelia, ndio kwanza amehamia kutoka Ohio.

— Samahanini, mimi mgeni, alisema. Huyo binti alijiamulia, au aliagizwa?

Cheche alikoroga kahawa isiyo na sukari.

— Kanali, nikamwambia, huko chumbani kwenu marubani, nani anaanza kusema?

— Mwenye cheo kikubwa.

— Basi sisi tumeshaketi.

Aliweka kikombe chini.

— Mimi ndiye niliyemwambia, akasema. Alikataa, nikamlazimisha. Nilimwambia nimekwenda juu mara mbili na sikuona maharage yakizuia kitu.

— Na ukamwacha abebe mzigo.

— Nikamwacha.

— Sisi hatumfukuzi mtu kazi, Kanali. Nenda kawaambie wanaofukuza.

Akaiacha kahawa yake pale pale. Maribeth anasema aliingia ofisini, akakataa kiti, akayasema yote mbele ya wakubwa na wale wageni wenye fedha, waliokuwa wamerudi kungojea roketi irushwe tena. Mjukuu wangu akarudi jikoni kwake siku hiyo hiyo.

Wale wageni, wao, hawakuwa na habari na nuksi. Walijiuliza kitu kimoja tu: mtu aliyenyamaza siku mbili kwa ajili ya jungu, atanyamaza mara ngapi kwa ajili ya roketi? Wakaondoa fedha zao, na kabla ya Krismasi kampuni ilimvua ukurugenzi, ikampa mhasibu ambaye hata ngazi anaogopa kupanda.